Nyuki wa Darini: Kuwaua Rahisi, Shughuli ni Kesho Yake

Kuna sentensi nimeisikia sana hapa kwetu Dabaso, mpaka sasa nikiisikia nashika kichwa. "Hao nyuki mwagia petroli, washa kiberiti, kwisha maneno." Anayeisema kwa kawaida amesimama mbali, mikono mfukoni, na nyumba si yake. Leo nataka tuiongelee, manake kwetu ilitekelezwa. Si kwa petroli, ilikuwa dawa ya pampu, lakini akili ni ile ile. Na hasara iliyotupata haikuletwa na nyuki walio hai. Ililetwa na nyuki waliokufa.

Wale mlio mbali niwaweke sawa kwanza. Dabaso iko kati ya Gede na Mida, huku Watamu. Upande wa bara kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, kama kilomita 420 za mraba. Upande wa bahari kuna hori la Mida na mikoko yake. Katikati ndipo tulipo sisi: minazi, mikanju, miembe, nyumba za mawe, nyumba za udongo, mabati na makuti. Mnazi hutoa maua mwaka mzima. Mchu ukichanua huko horini utadhani mti wenyewe ndio unavuma. Sasa wewe ungekuwa nyuki, si ungehamia hapa? Chakula kiko kila kona, kinachotafutwa ni nyumba. Na nyumba tunawajengea sisi wenyewe: sanduku kubwa, kavu, lenye giza na joto, lenye tundu dogo la kuingilia. Sisi tunaliita dari.

Mwaka jana mwezi wa kumi kundi lilitua kwenye mwembe wa hawe. (Hawe ni nyanya, Kigiriama hicho, na kwetu hakuna anayemwita vinginevyo.) Lilikuwa linaning'inia kama gunia la nusu debe, jeusi, linatikisika polepole. Watoto walikimbizwa ndani, majirani wakafunga madirisha. Na hapa ndipo kichekesho kilipo, kwa sababu saa ile nyuki walikuwa wapole kuliko siku nyingine yoyote tuliyoishi nao. Nyuki wanaosafiri wameshiba asali ya safari, hawana watoto wala akiba ya kulinda, wametuma wapelelezi kutafuta nyumba na wanangojea majibu. Mtu mwenye mzinga mtupu na shuka angewachukua pale jioni bila vita. Nilipouliza ni nani tumpigie simu, kila mtu alinitajia mtu ambaye ana binamu anayemjua mtu. Hawe akasema tuwaache, ni wageni, wataondoka.

Kesho yake saa tano asubuhi waliondoka kweli. Walisafiri mita kumi hivi. Kwenye kona ya nyumba, pale bati linapokutana na ukuta, fundi aliyeezeka miaka hiyo aliishiwa na ubao, akaacha pengo ambalo kalamu inapita. Tulilizoea. Popo alilijua, mjusi alilijua, na sasa nyuki. Nilisimama uani nikawaona wakiingia, mamia kwa mamia, kama maji yanayoshuka kwenye shimo la bafu. Nusu saa, mwembe ukawa mweupe na dari la chumba cha hawe likaanza kuvuma.

Maneno ya watu sasa. Mmoja alisema ni baraka, nyuki hawaingii nyumba yenye ugomvi. (Huyo hajawahi kuwa kwetu wakati wa kugawana mahindi.) Mwingine akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu pale nyumbani ameiba kitu, manake sote tumeona zile video za mwizi amekaa chini na nyuki wamemfunika gari au gunia aliloiba, halafu mganga anatokea na chupa yake. Mimi kazi yangu ni video, kwa hivyo nitasema ninavyoona: kundi linalosafiri hutua popote, kwenye tawi, pikipiki, kibanda cha M-Pesa, gari la mtu aliyelinunua kwa jasho lake. Lakini hayo hayarekodiwi. Likitua kwenye kitu cha wizi siku moja, nchi nzima inaona. Hawe hakuiba kitu. Alikuwa na pengo kwenye bati, basi.

Tuliishi nao miezi mitatu, na si yote yalikuwa mabaya. Usiku ukilaza sikio ukutani unasikia mngurumo wa chini, kama friji ya dukani. Mbaya ilikuwa mchana. Mama jirani hangeweza kutwanga chochote karibu na ile kona, mtikiso tu unawaamsha. Krismasi, mtoto wa binamu yangu, miaka minne, alirusha kokoto kwenye bati. Alidungwa mara kumi na moja usoni na shingoni. Mbuzi aliyefungwa chini ya mwembe hakuweza kukimbia, akafa kabla ya magharibi.

Nisimame hapa kidogo, manake hili linaokoa maisha. Nyuki akidunga anaacha mwiba na kifuko cha sumu kinachoendelea kusukuma hata yeye akishaenda. Ukwangue kwa ukucha haraka, usipoteze muda kutafuta kibanio. Pale alipodunga panabaki harufu, ukinusa vizuri ni kama ndizi mbivu, na hiyo harufu ndiyo tarumbeta: inawaita wenzake waje papo hapo. Ndiyo sababu ukidungwa mara moja usisimame kupigana. Funika uso, kimbia moja kwa moja, ingia ndani, funga mlango. Usijirushe majini, watakungoja juu. Na ikiwa mtu anavimba midomo, anapumua kwa shida au anazimia, hata kama ni mdungo mmoja tu, ni hospitali saa hiyo hiyo. Usianze na kitunguu. Mtoto wetu alivimba uso, macho yakafunga siku mbili, akapona. Mbuzi mkifuga, msimfunge kamba karibu na kundi la nyuki. Kamba ndiyo iliyomuua yule.

Basi baada ya Krismasi hakuna aliyetaka tena kusikia habari ya baraka. Hata mimi sikuwa nawatetea. Baba mdogo, anayekaa Mombasa, alituma pesa na mtu. Yule mtu alikuja na pampu ya mgongoni, ile ya kupulizia mimea, akataka shilingi elfu nne, akafanya kazi usiku kwa tochi. Asubuhi tulifagia nyuki waliokufa, tukajaza debe moja na kidogo. Kimya. Hawe akalala chumbani kwake. Baba mdogo akaambiwa kwa simu, akafurahi, na yule mtu wa pampu akaondoka na maneno haya: "Dawa hii hawarudi miezi sita." Hakupanda darini. Hakuuliza mle ndani mna nini. Kwake kazi ilikuwa nyuki, na nyuki wamekwisha.

Sasa nikueleze mle ndani mlikuwa na nini, kwa sababu hapo ndipo watu wengi tunapoliwa.

Kundi likikaa mahali miezi mitatu wakati miembe imechanua, linajenga. Masega yananing'inia kwenye mbao za paa kama mapazia, yale ya pembeni yamejaa asali, ya katikati yamejaa majana, yaani watoto wa nyuki, na chakula chao cha chavua. Na hiyo nyumba yote ni ya nta. Nta inayeyuka kwenye nyuzi sitini na kitu, lakini inalainika na kuregea mapema zaidi. Halafu fikiria chini ya bati la Dabaso mwezi wa pili saa nane mchana. Unajiuliza, kwa nini basi isianguke kila siku? Kwa sababu nyuki wana mafundi wa baridi. Kundi zima hushirikiana kuweka chumba cha majana kwenye nyuzi 34 au 35, mchana na usiku. Joto likizidi, wengine wanaleta maji na kuyapaka ndani, wengine wanasimama mlangoni na kupepea mabawa wakisukuma hewa. Ule mngurumo wa friji niliokuwa nikiusikia usiku ulikuwa ni kazi hiyo hasa. Ukiwaua wote usiku mmoja, umezima friji na kuacha nyama ndani.

Juma la kwanza, harufu. Si ya asali. Ni ya majana yanayooza, maelfu kwa maelfu, na haikuwa na mahali pa kwenda isipokuwa chini, kitandani kwa hawe. Juma la pili, doa la rangi ya chai likatokea kwenye plaiwudi, likakua, likawa ramani. Kisha asali ikaanza kudondoka, na usifikirie kuweka sufuria ukaila, imo dawa ya yule mtu. Siafu wakaja. Mende wakaja. Panya wakahamia wakila nta usiku. Nondo wa nta wakataga, viwavi vyao vikatoboa kila kitu na kushona nyuzi kama utando wa buibui. Plaiwudi ililowa, ikavimba, ikapinda katikati kama tumbo. Mwezi wa tatu usiku mmoja ilianguka yote pamoja na masega, asali, uozo, na mavi ya panya, juu ya kitanda. Hawe hakuwemo. Harufu ilikuwa imemhamishia sebuleni wiki mbili kabla. Mimi nasema harufu ndiyo iliyomwokoa, yeye ana maelezo mengine na simpingi.

Godoro tulichoma. Ukuta ulinyonya asali mpaka rangi ikabanduka. Mbao mbili za paa zilianza kuoza. Weka hesabu: plaiwudi, godoro, mbao, rangi, vibarua. Shilingi elfu nne za pampu zikawa ndizo senti za mwanzo tu.

Na bado. Mwezi wa nane, kabla hatujapata pesa za dari jipya, kundi lingine lilikuja na kuingia pale pale. Walikaa juu ya kipande cha plaiwudi kilichobaki pembeni. Dawa ya miezi sita ilishaisha nguvu, lakini nta haikuisha harufu. Kwa nyuki wapelelezi, mbao iliyowahi kuwa na nta ni kama nyumba yenye kibao cha kupangishwa: wenzetu waliishi hapa, hapa panakalika. Usipokwangua nta, usipoosha na usipoziba, unakuwa umewatangazia.

Baba mdogo akapiga simu, yule mtu wa pampu yuko tayari, bei imepanda. Nikamwambia, "Baba, na mimi nakuomba kwa heshima, safari hii tumuite mtu wa kuwatoa, si wa kuwaua." Akauliza tofauti ni nini. Nikamtumia picha ya kitanda cha hawe. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Haya, tafuta huyo mtu wako, lakini wakidunga mtoto tena utajibu wewe."

Mtu mwenyewe alikuwa mgema. Tulikuwa tunamjua siku zote, ni yule anayetugemea mnazi, na hakuna aliyefikiria kumuuliza. Na nani angewajua nyuki kuliko mtu anayekutana nao kila asubuhi juu ya mnazi, wakielea kwenye kibuyu chake cha tembo? Pembeni anarina asali, ana mizinga ya magogo iliyokuwa ya babake na masanduku machache ya kisasa. Alikuja saa kumi jioni na bomba la moshi lililojaa makumbi ya nazi, ndoo mbili zenye vifuniko, kisu kirefu, uzi wa katani, na sanduku moja la mzinga. Kwanza aliwahamisha mama jirani na watoto wote, akafungua mbuzi na kuku, ndipo akawasha moshi. Moshi una kazi mbili: unafunika ile harufu ya ndizi wasiitane, na unawafanya wakimbilie asali kushiba wakidhani kuna moto wa kuhama.

Nilishika tochi nikiwa nimevaa jaketi la mvua, neti ya mbu kichwani na soksi mikononi. Video yenyewe haionekani kitu, mikono ilitetemeka. Aliondoa plaiwudi msumari kwa msumari, bila kugonga. Sega moja moja alilikata kwa juu. Lenye asali, ndooni. Lenye majana alilifunga kwa uzi kwenye fremu na kulitia sandukuni likiwa limesimama vile vile lilivyokuwa limening'inia. "Majana ndiyo nanga," aliniambia. "Mama hatupi watoto. Malkia akiingia humu na majana yamo, wengine wote watamfuata." Malkia hatukumwona. Tulijua ameingia kwa sababu baada ya muda nyuki walipanga mstari kwenye mlango wa sanduku, makalio juu, wakipepea, kuwaita wenzao. Sanduku liliachwa hapo mpaka giza, wale waliokuwa shambani warudi. Saa mbili usiku alifunga mlango kwa wavu, akalipakia kwenye bodaboda, akaenda nalo upande wa msitu. Lazima liende mbali, kilomita kadhaa. Ukiliweka hapo shambani, kesho wafanyakazi wote wanarudi kwenye kona ya bati kwa mazoea.

Kesho yake ndiyo ilikuwa kazi isiyopigwa picha, na kwangu mimi ndiyo yenye thamani kubwa. Kukwangua nta yote kwenye mbao. Kuosha kwa maji moto na sabuni, mara mbili. Kupaka chokaa. Kisha ubao wa ukingo wa paa uliokosekana miaka yote hiyo, wavu mdogo wa chuma nyuma yake, na simiti kwenye kila ufa. Elfu sita jumla, pamoja na mshahara wa mgema. Pengo ambalo fundi angeliziba siku ile kwa kipande kimoja cha mbao.

Na nyuki walioachwa nje? Siku tatu mia mbili hivi walizunguka kona wakitafuta mlango. Wakaisha. Kundi lenyewe mgema aliniambia nisishangilie, nyuki wetu wanahama wakikasirika, unaweza kuamka ukakuta sanduku tupu. Hao ni nyuki wa Afrika. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika akitaka kuboresha asali kwao. Mwaka 1957 makundi 26 yakatoroka, yakazaana na nyuki wa kule, na kufikia 1990 uzao wao ulikuwa umevuka mpaka wa Texas, Marekani. Watu wa huko wakawapa majina ya kutisha na kuwatengenezea sinema. Sisi ndio tumeishi nao siku zote, darini.

Kabla hamjaanza kuchungulia paa zenu, kuna wale wengine, wakubwa weusi, wanene, wanaotoboa boriti na mbao kavu tundu la duara kabisa kama limetobolewa na keekee, halafu unaona unga wa mbao chini. Watu wanawachanganya na hawa. Wale hawana kundi wala asali ya kukudondokea, kila mama ana tundu lake, na dume linalokuvumia usoni halina hata mwiba. Maua ya pasheni yanawategemea sana. Kwao dawa ni kuziba tundu wakishatoka na kupaka mbao mafuta au rangi, hawapendi mbao iliyopakwa. Usiite mtu wa pampu.

Sasa kuna wanaosema mimi nimekuwa mtetezi wa wadudu. Hapana. Kundi likiwa juu ya darasa la watoto, au kwenye nyumba ya mtu ambaye mdungo mmoja unaweza kumuua, na hakuna wa kuwatoa leo, basi waueni leo. Maisha ya mtu kwanza. Lakini hata hapo kesho asubuhi panda utoe masega yote, uoshe, uzibe, na mlipe mtu kwa kazi hiyo, si kwa kupuliza tu. Kuhusu petroli sina la katikati. Pwani hii tumeona hoteli za makuti zikiteketea Malindi na Watamu, upepo wa baharini ukishashika hakuna ndoo inayosaidia. Na kuna watu wanaopeleka kiberiti chini ya makuti, usiku, kwa ajili ya nyuki.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Hapa kwetu nyuki ni mradi. Gede, tangu 1993, Kipepeo inanunua kwa wakulima wa kando ya msitu vipepeo wakiwa bado kwenye vifuko vyao, na asali yao pia inauzwa hapo. Huku horini vikundi vinapanda mikoko na kutundika mizinga. Mgeni anayekuja kula kaa Dabaso anarudi kwao na chupa ya asali. Mbali kidogo, Sagalla kule Taita Taveta, mizinga imefungwa kwenye waya kuzunguka mashamba, ndovu wa Tsavo akigusa waya nyuki wanatoka. Lucy King na wenzake walichapisha mwaka 2007 kwamba ndovu hukimbia hata mlio wa nyuki tu. Yaani nyuki mmoja anafanya kazi ambayo ua la miiba halifanyi. Na wakati huo huo nawajua watu wawili, humu humu Dabaso, wenye masanduku matupu mwaka mzima wanasubiri kundi liingie lenyewe, huku makundi yanapulizwa dawa nyumba ya tatu kutoka kwao. Hawajuani. Hakuna hata karatasi iliyobandikwa dukani yenye namba ya simu.

Na usitegemee serikali ikulipe. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ina orodha ya wanyama ambao wakimuua mtu familia inaweza kudai shilingi milioni 5. Ndovu yumo, mamba yumo, fisi yumo. Nyuki hayumo. Dari halimo kabisa.

Kwa hivyo mimi nimeanza kwa hilo dogo. Nimechukua namba ya mgema na za wale wawili wenye masanduku, kwa ruhusa yao, nikaziandika kwa kalamu nene na kubandika kwenye duka la njia panda, kwa mgonjo wa mahindi, na kwa fundi wa bodaboda. Juu nimeandika: NYUKI WAKITUA MTINI PIGA LEO, USINGOJE WAINGIE. Tangu mwezi wa tisa wamepigiwa mara nne. Makundi matatu yalichukuliwa mtini kwa shuka, bila mtu kudungwa. La nne walifika wakakuta limeshamwagiwa petroli. Mwenye nyumba alikuwa na bahati, ni bati.

Sanduku letu bado limekaa kule msituni. Nyuki hawajahama. Mgema amesema asali tusahau mpaka mikanju imalize maua, na hata hapo atawaachia nusu. Hawe ameulizia chupa yake mara mbili. Dari la chumba chake bado liko wazi, unalala unaona bati, na plaiwudi nne tumeahidiwa na baba mdogo mwisho wa mwezi. Hakusema mwezi gani.